Safari ya Brugge iliniachia donge, na sasa mume wangu anataka tusafiri tena na mtoto

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 29, ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa pili tangu nije kuishi Leuven, nchini Ubelgiji, ambako mume wangu anasoma shahada ya uzamili kwa ufadhili. Mtoto wetu wa kwanza, binti, alizaliwa huku mwezi wa Novemba. Masomo yanakaribia kwisha na Septemba tunarejea nyumbani moja kwa moja, jambo lililomtia mume wangu haraka ya kuona kila kinachoonekana kabla hatujafunga mizigo.

Mwezi wa Aprili, mtoto akiwa na miezi mitano, tulikwenda Brugge kwa siku mbili. Kwa treni ni mwendo wa kama saa moja na nusu, na kwa kuwa mtoto alilala njia nzima, nilishuka stesheni nikijiona mjuzi wa safari. Ujuzi huo uliishia kwenye mawe. Barabara za mji wa kale zimetandikwa mawe yenye migongo ya mviringo, na kigari chetu, tulichokinunua kwa mtu kikiwa kimeshatumika, kina magurudumu membamba. Tulipokaribia uwanja wa soko, gurudumu la mbele lilizama kati ya mawe mawili likagoma kutoka. Nilipiga magoti kulichomoa huku mtoto analia na mkoba wa nepi unaning'inia shingoni, na mume wangu alikuwa mbele kama hatua thelathini akipiga picha mapaa ya nyumba. Aliyeninyanyulia kigari ni kijana muuza aiskrimu. Nilikuwa na kanga mbili mkobani kwa ajili ya mbeleko, lakini tangu asubuhi mume wangu alikuwa ameniomba nisimbebe mtoto mgongoni mjini, akisema kigari tumekinunua cha nini, na kwamba watu watatushangaa.

Mchana alitaka kupanda mnara wa kengele, ule wa Belfort, wenye ngazi 366 nyembamba zinazozunguka. Kigari hakipandi kule. Tulikubaliana apande yeye, mimi nisubiri chini nusu saa. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi baada ya saa moja na dakika arobaini, mvua imeshatunyeshea, na mtoto ameshtushwa na kengele zinazolia kila robo saa hadi akakataa ziwa. Mume wangu alishuka na furaha ya mtu aliyeiona dunia. Sikumuuliza kitu, naye hakuniuliza kitu.

Asubuhi ya pili tuligawana. Yeye alikwenda Kanisa la Bikira Maria kutazama sanamu iliyochongwa na Michelangelo, na mimi nikaelekea Begijnhof, mtaa wa nyumba nyeupe uliozunguka bustani ya miti mirefu, ambako sasa wanaishi watawa. Langoni kuna kibao kinachowaomba wageni wanyamaze, nami niliingia na mtoto anayelia kwa sauti yake yote. Mtawa mmoja mzee alipita, akanitazama, akaweka kiganja shavuni na kufumba macho, kama kusema mtoto anataka usingizi, kisha akanionyesha pahala pa kukaa kando ya ukuta. Nilimnyonyesha, akalala, nikatoa kanga na kumfunga mgongoni bila kumwomba mtu ruhusa, na nikaizunguka bustani ile kwa karibu saa nzima.

Tulipokutana kula, mume wangu alinionyesha picha ya sanamu kwenye simu. Ni ya mama aliyeketi na mtoto amesimama katikati ya magoti yake. Nikamuuliza, mbona huyu mama hamtazami mwanawe? Akacheka, akasema, "Amechoka kama wewe." Najua ulikuwa utani. Hata hivyo nililia pale mezani mbele za watu, kisha nikachukua treni ya kurudi Leuven na mtoto, nikamwacha aende peke yake kwenye safari ya boti tuliyokuwa tumeipanga pamoja. Alirudi usiku. Kesho yake mama mkwe, aliyekuwa ameona picha ya mjukuu wake mvuani kwenye kundi la familia la WhatsApp, aliandika kwamba tunamtesa mtoto kwa ajili ya kujionyesha. Mume wangu hakumjibu, na mimi nililichukulia jambo hilo kama amekubaliana naye.

Sasa ameleta mpango wa Agosti: Paris, Amsterdam, Köln na Luxembourg kwa siku nane. Fedha tumezidunduliza sote wawili. Nilipomwambia siwezi, alinipa njia mbili. Ya kwanza, tumwache mtoto siku mbili kwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi ambaye tunaelewana naye kwa Kiswahili chake cha kule na changu cha Tanga, na ambaye mtoto anamzoea, ili sisi wawili twende walau mji mmoja. Ya pili, aende yeye na wanafunzi wenzake. Mtoto ana miezi minane, bado ananyonya na chupa haitaki kabisa. Nikibaki, nahisi nitarudi Tanga nikiwa nimeiona Ulaya dirishani. Nikienda, naogopa kuwa Brugge itajirudia mara nne. Je, mimi ni mama mwoga au ni mke mkaidi?

Mama wa Mmoja, Leuven

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa binti. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu Brugge nimefika na yale mawe nayajua. Wenyeji wa Flanders, jimbo la kaskazini mwa Ubelgiji ulipo mji huo, wana jina lao la mawe ya namna hiyo, huyaita kinderkopjes, yaani vichwa vya watoto, na sijui kama aliyeyapa jina hilo aliwahi kusukuma kigari juu yake.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza kuhusu Agosti, lakini kurasa zako zimejaa Aprili. Unaogopa safari ya siku nane kwa sababu ile ya siku mbili haijakwisha: wewe ulipanda treni ukaiacha katikati, mwenzako akaimalizia kwenye boti, na tangu hapo kila mmoja anayo nusu yake. Swali la kama wewe ni mwoga au mkaidi nitaliweka pembeni, kwa kuwa nimetafuta dalili za yote mawili katika barua yako na sikuziona. Mwanamke aliyejifunga mtoto mgongoni katika mji wa watu, kisha akarudi naye kwa treni peke yake, simwiti mwoga.

Yapo mambo kadhaa unayoyachukulia kama yamethibitika, nami ningependa uyatazame upya. Unaandika kama vile mtoto ndiye aliyekuzuia kuiona Brugge. Lakini sehemu ya barua yako ambayo ningeweza kuichora ni ile ya Begijnhof. Mtaa ule umekuwapo tangu mwaka 1245, ulianzishwa kwa ajili ya wanawake walioishi maisha ya sala bila kuweka nadhiri za utawa, na hao watawa wa shirika la Wabenediktini uliowakuta wako pale tangu mwaka 1927. Watalii wengi hupita langoni, hupiga picha ya nyumba nyeupe na kutoka baada ya dakika kumi. Wewe ulikaa karibu saa nzima, ukajua ukuta upi una pahala pa kukaa, na mwenyeji mmoja akazungumza nawe bila neno. Aliyekupeleka pale na kukuketisha ni mtoto. Sisemi kwamba hukuchoka, maana ulichoka kweli. Nasema tu kwamba huenda wewe na mumeo mnapimana kwa kipimo chake yeye, cha idadi ya vitu vilivyoonekana, na kwa kipimo hicho mwenye kunyonyesha atashindwa kila siku.

Jambo la pili ni mnara. Umeandika kwamba kigari hakipandi, na hilo ni kweli. Lakini mtoto alikuwa na wazazi wawili pale chini, na sikuona mahali ulipoeleza kwamba mlifikiria kupokezana, ashuke yeye akae na binti, upande wewe. Huenda mvua ilizuia, huenda ni foleni, au huenda hakuna kati yenu aliyewaza kwamba mama anayenyonyesha anaweza naye kutamani kupanda ngazi 366. Nakuuliza kwa upole: uliwahi kumwambia kwamba ulitaka kupanda? Mtu asiyejua unachokitaka hukuonea bila kukusudia, na wanaume wengi, hata wale wema, hudhani mama aliyeketi na mtoto yuko pale anapotaka kuwa.

Kisha kuna ule utani wa mezani. Sanamu ile Michelangelo aliichonga mwanzoni mwa karne ya 16, na wafanyabiashara wa Brugge wakainunua ingali mpya. Mama ametazama chini na pembeni, na mtoto amesimama kana kwamba anataka kuteremka kutoka kwenye nguo zake na kuondoka, huku mkono mmoja wa mama ukimshika kwa wepesi sana. Wapo wanaosema mama anawaza yatakayompata mwanawe. Mumeo aliona uchovu. Unaweza kulichukulia neno lake kama dhihaka, na siku ile ulikuwa na kila sababu ya kulichukulia hivyo. Lakini inawezekana pia kwamba alikuwa ameuona uchovu wako tangu jana yake, akakosa namna ya kuutaja, akaupitishia kwenye jiwe. Sina hakika, na wewe unamjua kuliko mimi. Nataka tu ujue kwamba sentensi hiyo ina milango miwili, na mlango wa pili hamjaufungua.

Kuhusu mama mkwe sitasema mengi. Bibi aliye mbali, anayemwona mjukuu kwenye simu tu, huona mvua na haoni kofia iliyovuliwa sekunde moja kwa ajili ya picha. Kunyamaza kwa mumeo mbele ya mama yake huenda ni heshima tu. Kama kunakuuma, mwambie yeye kwamba kunakuuma, na huyo mama umwache nje ya mazungumzo hayo.

Sasa tuje kwenye Agosti. Mpango wa miji minne kwa siku nane, nikitoa siku za njiani, unakupa kama siku moja na nusu kwa kila mji, na mtoto wa miezi minane ana ratiba yake: hulala asubuhi, hulala mchana, anataka uji, anataka sakafu ya kutambaa. Wa miezi mitano hubebwa kama mzigo mpole, ila huyu wa sasa anataka kushuka. Paris ni ya kuvutia, lakini vituo vingi vya metro yake havina lifti, kwa hiyo kigari kitabebwa mikononi ngazi kwa ngazi, pengine mara sita kwa siku. Amsterdam ni tambarare, lakini nyumba nyingi za kale zina ngazi zilizosimama wima karibu kama za kupandia dari, na chumba cha bei nafuu mara nyingi ndicho kilicho juu kabisa. Köln ina kanisa kuu mlangoni pa stesheni, unalitazama ukiwa bado na tiketi mkononi, ila mnara wake wa kusini nao una ngazi 533 kwa anayetaka kupanda, kwa hiyo mjue mapema nani atapanda na nani atakaa chini. Luxembourg ingekuwa nyepesi kuliko zote, maana tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni za nchi nzima ni bure, na iko lifti ya vioo ya Pfaffenthal, nayo ya bure, inayopandisha watu na vigari vyao kutoka bondeni hadi mji wa juu. Mkienda miji yote minne, hatari ninayoiona ni kwamba kila asubuhi itaanza kwa kufunga mizigo, na mwenye kufunga mizigo ya mtoto namjua ni nani.

Mkichagua mji mmoja au miwili badala ya minne, mumeo atapoteza kitu, na haifai kujifanya kwamba hapotezi. Anarudi nyumbani na shahada, na ndugu watamuuliza alifika wapi, si alikaa saa ngapi kwenye bustani. Haraka yake naielewa. Huenda angekubali kupunguza kama angejua kwamba kilichobaki utakifurahia naye, na si kukivumilia tu.

Njia ya jirani ina uzuri wake. Mtu anayemjua mtoto, anayezungumza naye kwa lugha ya nyumbani, ni neema kubwa ugenini. Lakini watoto wengi huanza kuwalilia wazazi wao na kuwaogopa wengine hasa katika umri huu wa miezi minane, chupa haitaki, na maziwa yako hayatajua kwamba uko safarini: usiku wa kwanza tu matiti yatajaa na kuuma, na yasipokamuliwa yanaweza kuleta homa. Ukitamani kuijaribu njia hii, ningeanza na mchana mmoja, wewe na mumeo mkiwa Leuven hapo hapo, na simu iwe mkononi mwa jirani. Mchana huo utakuonyesha mtoto anachukuliaje, na wewe mwenyewe unachukuliaje, kwa sababu wapo kina mama wanaoteseka zaidi kuliko mtoto waliyemwacha.

Mumeo kwenda na wenzake ndiyo njia rahisi kuliko zote, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo. Kwa upande mmoja itakupa siku nane za utulivu, na huenda ndicho mwili wako unachokihitaji. Kwa upande wa pili itakuwa Brugge ileile kwa ukubwa mwingine, yeye juu ya mnara na wewe chini. Kama atakwenda hivyo, nadhani ni vizuri mkubaliane kwanza na wewe utapata nini, kwa kuwa fedha mlizidunduliza wote. Siku tatu zako peke yako na binti, kwa mwendo wako, katika mji unaouchagua mwenyewe, si jambo la kuomba kwa aibu. Kwenye treni za Ubelgiji watoto walio chini ya miaka 12 wakiongozana na mkubwa hawalipi nauli, kwa hiyo gharama ni yako tu na uji kwenye chupa ya chai.

Na kabla ya yote hayo, Leuven yenyewe umeiona? Nauliza kwa sababu mtu hukaa mwaka wa pili mahali akidhani Ulaya iko kwenye mji unaofuata. Mlipo pana Begijnhof kubwa kuliko ile ya Brugge, ya tangu karne ya 13, yenye mto Dijle unaopita katikati ya nyumba za matofali mekundu. Chuo kikuu kiliinunua mwaka 1962 na sasa wanaishi humo wanafunzi na wahadhiri. Nyumba ya halmashauri katikati ya mji ina sanamu 236 kwenye kuta zake, na mtoto anayejifunza kunyoosha kidole atapata kazi ya asubuhi nzima. Mnaweza kujaribu pale, Jumamosi moja, namna ya kutembea wote watatu: saa mbili tu, jambo moja la kuona, mtoto ashikwe na baba nusu ya muda, na kigari kibaki nyumbani.

Hapo nafika kwenye mbeleko. Ulichukua kanga mbili ukaambiwa uziache mkobani, kisha kigari kikazama. Hofu ya mumeo ya kushangaliwa si ndogo, maana kuwa mgeni ni kazi ya kila siku na pengine yeye hutazamwa darasani kwa namna ambazo hakusimulii. Lakini kina mama na kina baba wa huko wenyewe siku hizi hununua vitambaa virefu vya kubebea watoto, kwa bei ambayo Tanga ingekupatia doti kadhaa za kanga. Huenda akikijua hilo, na akijaribu kumbeba binti yake kifuani kwa dakika ishirini juu ya mawe, mtazamo wake utabadilika. Huenda usibadilike. Jua likiwa kali la Agosti mfunikeni kichwa kwa kofia, na mkikitumia kigari msikifunike kwa shuka zito, kwani ndani hupata joto upesi kuliko tunavyodhani.

Sikwambii uende wala usiende. Kama siku moja mtarudi Brugge, iwe ni Agosti au miaka ishirini ijayo, ile sanamu mtaikuta: wanajeshi wa Ufaransa waliichukua mwaka 1794 na Wajerumani mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudishwa pale pale. Haina haraka nanyi.

Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji nauli. Umenieleza foleni, mvua, kengele na muda aliochukua hadi dakika yake, na hujaandika popote mumeo aliona nini kule juu. Nadhani hujui. Naye, kwa kadiri ninavyoona, hajui kwamba mtawa mzee aliweka kiganja shavuni. Leo mtoto akilala, kwanza muulize aliona nini, kisha umsimulie yako.